Ukisema "Kari" Wanacheka: Mzaha wa Waluhya Ulitoka Wapi, na Mbona Unauma Hata Ukicheka

Kama wewe ni Mluhya na umewahi kutoka Kakamega ukaingia Nairobi, Mombasa ama hata Eldoret hapo karibu, kuna mambo matatu umeshaskia kabla hata ukalishwe chini. La kwanza: "Nyinyi na kuku mko aje?" La pili: "Si buda yako ni soja?" La tatu hata si swali, ni kama ombi la muziki: "Hebu sema 'gari'." Ukifungua tu mdomo, base yote iko chini kwa kicheko.

Na wewe unacheka nao. Utado? Ukikasirika utaambiwa ni mzaha tu, wacha hasira. Ukinyamaza, wanakuita mshamba. So unacheka, na ukifika kejani unajifunza kusema "gari" mbele ya kioo.

Leo tunafungua huu mzaha vile fundi wa pikipiki hufungua injini: kila nati inatoka wapi, na inafanya kazi gani. Juu ukishaufungua, utapata kuna vitu vizito ndani.

"Kari" si ushamba, ni sarufi

Tuanze na ulimi. Mtu akisema "kari" badala ya gari, ama "tawa" badala ya dawa, wasee hudhani hakusoma. Zii. Kila lugha iko na stoo yake ya sauti, na mtoto akijifunza lugha ya kwanza, ulimi wake unazoea zile ziko kwa hiyo stoo.

Chukua Kibukusu. Sauti za b, d na g unazojua kwa Kiswahili huwa zinatokea nyuma ya m ama n, yaani mb, nd na ng. Zikiwa solo hazipatikani hivyo. B ya solo inatoka laini, midomo haifungi kabisa. Lahaja kadhaa za hapa Kakamega ziko karibu na hiyo tabia. Sasa ulimi ukikutana na neno "gari", unaingia kwa stoo kutafuta sauti iliyo jirani, unapata k. Hiyo ndiyo siri yote. Akili haijaingia hapo hata kidogo.

Na kila mtu ako na yake. Kuna Mkikuyu anayebadilisha r na l. Kuna Mjaluo anayesema "samba" akimaanisha shamba. Kuna mlami amekuja kuona ndege na nyani kwa Msitu wa Kakamega, anashuka kwa gari anasema "jemboo", na watu wote wanafurahi, wanampigia makofi ati amejaribu Kiswahili.

Cheki hapo vizuri. Mlami ameharibu neno, amepigiwa makofi. Mama wa Shinyalu ameharibu neno moja, amechekwa. Kosa ni lile lile. Kilicho tofauti ni cheo cha mwenye mdomo. Hiyo ndiyo nati ya kwanza: hatucheki sauti, tunacheka mahali tumemweka huyo mtu.

Na "Waluhya" ni nani haswa?

Kuna kitu wengi hawajui, hata sisi wenyewe. Hili jina halijamaliza miaka mia. Wakoloni walikuwa wanaita huku Kavirondo ya Kaskazini, na watu wa huku wakawaita Bantu Kavirondo. Wenyewe walikuwa wanajijua kama Wanga, Isukha, Idakho, Kabras, Tsotso, Marama, Kisa, Nyore, Tiriki, Maragoli, Bukusu, Tachoni, Samia na wengine. Wanga walikuwa na ufalme wao kabisa huko Mumias chini ya Nabongo. Wengine walikuwa wanaendesha mambo yao kwa koo na wazee, bila mfalme.

Ni kwenye miaka ya 1930 ndiyo vijana waliosoma na vyama vya siasa vya huku vilianza kusukuma jina moja, Abaluyia, ndio sauti yao iskike mbele ya serikali. Miaka ya 1940 kukawa na kamati ya kutengeneza maandishi ya Kiluhya kimoja. Haikuenda mbali, juu kina Bukusu na Maragoli waliona lahaja zao zitamezwa. Ndiyo maana mpaka leo mtu wa Vihiga akikutana na mtu wa Sirisia, mara nyingi wanamalizana kwa Kiswahili.

Sensa ya 2019 ilihesabu Waluhya kama milioni 6.8, wa pili Kenya nyuma ya Wakikuyu. So mtu akikuambia "Waluhya wako hivi", anamaanisha watu milioni 6.8 wenye lahaja zaidi ya kumi na historia tofauti, na amewafinya wote wakaingia kwa sahani moja ya kuku.

Mbona soja? Mbona mpishi?

Hapa ndipo mzaha unaanza kunuka. Kuona Mluhya akiwa soja kwa geti ama akipika kwa nyumba ya mtu si uongo. Wako wengi. Swali ni ilifikaje hapo, na jibu halina uhusiano na damu.

Serikali ya kikoloni ilileta kodi ya nyumba mwanzoni mwa miaka ya 1900, na baadaye ikataka ilipwe kwa pesa taslimu. Sasa wewe uko Idakho, uko na mahindi, uko na ng'ombe, lakini shilingi hauna. Unazipata wapi? Unaenda kuajiriwa: kwa reli, kwa mashamba ya walami, kwa majikoni yao Nairobi. Wakati huo huo Wakweka walikuwa wamefungua misheni yao Kaimosi mwaka wa 1902, wakifunza watu kusoma na pia kazi za mikono kama useremala na kupasua mbao. Mtu wa huku akawa anajulikana kama mfanyakazi wa kutegemewa, na akiitwa kazini analeta ndugu yake. Njia ikishachimbwa na babu, mjukuu anaifuata.

Ongeza shamba. Sensa ya 2019 inasema Kenya kwa wastani iko na watu 82 kwa kila kilomita mraba. Kakamega iko na 618. Vihiga imepita 1,000. Baba amegawia vijana watano ekari moja, wa tano amebaki na mahali pa kuweka nyumba na migomba mitatu. Huyo wa tano akipanda basi usiku kuenda Nairobi, hajavutwa na mapenzi ya kufungua geti. Ni hesabu ya shamba imemkataa.

Unakumbuka Papa Shirandula wa Citizen TV, marehemu Charles Bukeko aliyetuacha Julai 2020? Story yote ya ile programu ilikuwa nini? Papa anatoka kwake amevaa suti, bibi yake Wilbroda anajua mzee ni mtu wa ofisi. Kumbe akifika kazini anabadilisha, anavaa yunifomu ya soja. Kenya nzima ilicheka miaka na miaka. Lakini iangalie tena leo ukiwa mtu mzima. Ni story ya mwanaume anayeficha kazi yake halali kwa mtu anayelala naye kitanda kimoja, juu anajua dunia imeidharau. Bukeko aliicheza kwa upendo, na Papa alikuwa mjanja kuliko mabosi wake. Shida ni wale wa mtaa waliochukua lafudhi na rungu, wakaacha utu.

Kuku ni heshima, si ulafi

Hii ni fupi. Ukifika kwa boma la Kiluhya, mwenyeji akichinja *ingokho*, anakuambia kitu bila kuongea: umefika, tumekuona, wewe ni mgeni wa maana. Kuku ni wa shemeji, wa wazee, wa siku kubwa. Hata vipande vina cheo, imondo haiokotwi na kila mtu. Na kwa siku za kawaida watu wanakula *obusuma* na mboga: mrenda na likhubi, zikiwekwa munyu wa kienyeji.

Hii kanuni ya kumheshimu mgeni kwa chakula imegeuzwa ikawa "Waluhya ni walafi". Halafu hoteli za Nairobi zinauza kuku kienyeji na mrenda kwa bei ya kukufanya ushike moyo, na wanaokula hapo hawaitwi walafi. Wanaitwa watu wanaojali afya.

Ni hivyo hivyo na ngoma. *Mwana wa Mberi* inapigwa kwa sherehe za watoto za makabila yote, na hakuna anayeuliza nani alikuwa anaimba hivyo kwanza. Isukuti ya Isukha na Idakho ilitambuliwa na UNESCO mwaka wa 2014. Lakini haikuwekwa kwa ile orodha ya kujivunia tu. Iliwekwa kwa orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Soma hiyo sentensi tena. Dunia inatuambia ngoma ya hapa nyuma ya Khayega inaweza kupotea, na sisi tuko bize tunafanya meme za kuku.

Diski ilikufa shuleni, ikahamia mfukoni

Uliza wazazi wako kuhusu diski. Kilikuwa kipande cha mbao ama chuma, kila shule na yake. Mtoto wa kwanza kuskika akiongea lugha ya nyumbani anapewa abebe. Kazi yake sasa ni kunyemelea wenzake mpaka amskie mwingine, ampee. Jioni, wote walioishika siku hiyo wanachapwa. Ngũgĩ wa Thiong'o ameandika hii story kwa kitabu chake *Decolonising the Mind* cha 1986, pamoja na zile alama mtoto alikuwa anavalishwa shingoni zikimwita mjinga ama punda.

Angalia ujanja wa huo mfumo. Mwalimu hakuhitaji kuwa kila mahali. Watoto wenyewe walikuwa maaskari. Wewe mwenyewe ulikuwa askari wako, unameza neno kabla litoke.

Sasa rudi kwa ile base ya Nairobi. Unasema "kari", wanacheka, siku inayofuata unameza neno kabla litoke. Hakuna kiboko. Hakuna mwalimu. Kicheko kimefanya kazi yote. Ndiyo maana nasema huu mzaha ni diski ile ile, tofauti ni kwamba sasa hivi unaibeba bila kuiona, na ukiipitisha kwa mwingine, unaskia afueni kidogo ati leo si mimi.

Na inaingia mpaka kwa kazi. Nilipoacha kolegi nilijaribu kazi ya kupokea simu za wateja kwa kampuni fulani. Msee wa intavyuu alikuwa mpole sana. Akaniambia Kingereza changu kiko poa, lakini "sauti iko na ushago". Kazi akapewa mwingine. Simlaumu aliyepewa. Lakini mpaka leo hakuna mtu amewahi kunieleza mteja wa kuulizia salio lake angeumizwaje na ushago wangu.

Kwani ni sisi peke yetu? Uliza mashabiki wa Barcelona

Hapa Amalemba, Lurambi na Kefinco jezi za Barcelona ziko kila kona. Wengi wetu hatujui tunavaa nini. Hiyo ni timu ya Wakatalani, watu wa kaskazini mashariki mwa Hispania wenye lugha yao, Kikatalani.

Jenerali Franco aliposhinda vita mwaka wa 1939, alitoa Kikatalani kwa shule na kwa ofisi za serikali. Rais wa Barcelona, Josep Sunyol, alikuwa ameshapigwa risasi na askari wa Franco mwaka wa 1936. Jina la klabu likageuzwa liwe la Kihispania, na mistari ya bendera ya Kikatalani kwa nembo ikapunguzwa. Mtu akiongea Kikatalani hadharani alikuwa anaambiwa aongee "Kikristo", yaani Kihispania. Kama lugha yako si ya Kikristo, ni ya nani? Upande wa pili wa mpaka, ndani ya Ufaransa, kuna shule ya Wakatalani kwa kijiji cha Aiguatèbia iliyoandikwa ukutani kwamba watoto waongee Kifaransa, wawe wasafi. Yaani lugha ya mama ni uchafu. Diski nyingine, bara lingine.

Na mizaha? Imejaa. Huko Hispania Mkatalani ni "mchoyo", vile huku Mluhya ni "kuku". Wengine huwaita Wapolandi, kama tusi la kusema hawaeleweki wakiongea. Kitu cha kushangaza ni kwamba Katalonia ni mojawapo ya maeneo tajiri zaidi Hispania. So pesa peke yake haikuokoi. Mwenye serikali, shule na redio ndiye anaamua ulimi gani ni wa kawaida na gani ni wa kuchekesha.

Hata hapa kwetu jina la timu limewahi kuwa shida. AFC Leopards ilianza mwaka wa 1964 ikiwa timu ya Abaluhya, jina likiwa wazi kabisa. Karibu na 1980 serikali ikaamuru timu zitoe majina ya kikabila. Herufi AFC zikabaki, zikapewa maana nyingine. Sababu ilikuwa kupunguza ukabila, na hiyo si sababu mbaya. Lakini mashabiki hawakusahau: mpaka leo uwanja ukijaa wanaita Ingwe, yaani chui, kwa lugha yao. Na kama unataka raha ya bure, kumbuka tarehe 7 Novemba 2012: Celtic 2, Barcelona 1, bao la kwanza likifungwa kwa kichwa na Victor Wanyama, mtoto wa Noah Wanyama aliyechezea hiyo Ingwe.

Wakatalani walifanya nini Franco alipokufa mwaka wa 1975? Hawakungoja waachwe kuchekwa. Mwaka wa 1983 walipitisha sheria ya kurudisha Kikatalani mashuleni, na mwaka huo huo wakafungua stesheni yao ya TV, TV3. Miaka ya baadaye stesheni hiyo ikaanzisha programu ya kuchekesha wanasiasa, wakaiita *Polònia*, yaani Poland. Waliokota tusi lao, wakalifanya lao.

Sisi pia si malaika

Kabla ujisikie umeonewa sana, tuongee ukweli wa nyumbani. Bukusu anasema Maragoli wako hivi. Maragoli anasema Bukusu wako vile. Wote wawili wakikaa pamoja wanamcheka Mteso na Mkalenjin. Na yule mtoto wa Kakamega mjini aliyezaliwa karibu na Muliro Gardens anamcheka binamu yake wa Malava vile vile Nairobi inamcheka yeye. Diski inapita kwa kila mkono.

Na kuna nyumba nyingi hapa ambapo mzazi ameamua mtoto asiongee Kiluhya kabisa, "asije akashrub". Mzazi anamlinda, namwelewa. Lakini huyo mtoto akienda kwa kukhu wake likizo, wanakaa wakiangaliana, wanasalimiana, wanaishiwa. Kila kitu kukhu anajua kuhusu hiyo familia kiko kwa lugha ambayo mtoto amenyimwa. Siku ya matanga ndiyo anakuja kuuliza kukhu alikuwa nani.

Sasa ufanye nini?

Moja, jua haki yako. Katiba ya 2010, Kifungu cha 27, inakataza ubaguzi kwa sababu ya lugha, utamaduni ama asili ya kabila, na si serikali pekee inakatazwa, hata mtu binafsi. Kifungu cha 7 kinasema serikali ilinde na kukuza lugha zote za Wakenya. Kifungu cha 44 kinakupa haki ya kutumia lugha yako. So boss akikunyima kazi juu ya lafudhi, na kazi haihusu lafudhi, hiyo si mzaha tena.

Mbili, tofautisha utani na dharau. Utani uko na pande mbili: unanirushia, nakurushia, tunabaki marafiki. Dharau iko na upande mmoja, na huwa inaangukia mtu asiyeweza kujibu, kama soja anayefungua geti usiku ama dada anayekulelea mtoto. Ukiona mzaha unaenda chini tu, usiubebe.

Tatu, acha kuficha jina. Wafula ni mtoto wa msimu wa mvua. Nekesa alizaliwa wakati wa mavuno. Wanjala alizaliwa wakati wa njaa, na bado ako hapa. Hizo ni kalenda, si aibu.

Nne, ongea. Si lazima uongee vizuri. Mpigie kukhu leo, umsalimie kwa lugha yake, aikosoe, akucheke hata. Kicheko chake hakitakufanya umeze neno. Atakurekebisha, halafu atakuuliza umekula.

Mulembe.